MWENDA TEZI NA OMO: KUREJEA KWA IBN BATTUTA

Wazee wetu wa pwani, ambao maisha yao yalikuwa ni ya bahari, walisema kuwa mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Baharia aweza kwenda nyuma ya chombo penye tezi, aweza kwenda mbele penye omo, lakini kazi yake humrudisha pale pale chini katikati, kwenye ngama, akafute maji. Maana yake ni kuwa mtu aende aendako, hana budi siku moja kurejea alikotoka. Ni methali ya kweli. Ila haikutuambia jambo moja, nalo ni hili: huyo anayerejea atapakuta vipi pale alipopaacha?

Ndugu wasomaji, katika nyumba nyingi za Waislamu hivi leo yuko mtu aliyesafiri. Huyu ana mtoto Maskati kwa kazi, yule ana mtoto Madina au Cairo kwa masomo, na mwingine ana mume aliyekwenda Ulaya kwa miaka miwili na sasa umetimia wa kumi. Siku ya kuondoka kwao tuliwaombea dua tukawasindikiza. Lakini siku ya kurejea hatuifikirii sana, kwa kuwa tunadhani kuwa hiyo ni furaha tupu. Nimeona ni kheri mwezi huu tuzungumze khabari za mtu mmoja aliyesafiri kuliko karibu watu wote wa zama zake, na tutazame khasa mwisho wa safari yake, jinsi alivyorudi na alichokikuta. Mtu huyo ni Ibn Battuta, ambaye jina lake kamili ni Abu Abdallah Muhammad bin Abdallah, mtu wa mji wa Tangier, ambao Waarabu huuita Tanja, katika nchi ya Moroko.

KUONDOKA

Ibn Battuta alizaliwa mwaka 1304, sawa na mwaka 703 wa Hijria, katika ukoo wa makadhi. Alisoma fikihi ya Imamu Malik kama walivyosoma wakubwa zake. Alipotimia umri wa miaka 21, mwezi wa Rajabu mwaka 725, yaani Juni 1325, alifunga safari ya kwenda kuhiji. Aliondoka peke yake, hana rafiki wa njiani wala msafara wa kufuatana nao. Baba yake na mama yake walikuwa hai wote wawili, naye amesimulia mwenyewe kuwa kuachana nao kulikuwa kuzito kwake na kwao, na kwamba pande zote mbili ziliingiwa na huzuni.

Hakuwa na nia ya kukaa miaka mingi. Nia yake ilikuwa ni Hija na ziara ya kaburi la Mtume (S.A.W.), basi. Na yeye hakuwa jabali asiyeona uchungu. Njiani alishikwa na homa kali, hata akajifunga kwa kitambaa cha kilemba chake juu ya tandiko la mnyama asije akaanguka. Walipofika Tunis, watu wa mji walitoka kuwalaki wasafiri, huyu akimsalimu ndugu yake na yule akimkumbatia rafiki yake. Yeye hakusalimiwa na mtu hata mmoja, maana hapakuwa na aliyemjua. Akashindwa kujizuia, machozi yakamtoka. Mmoja katika mahujaji alitambua linalomliza, akamwendea, akamsalimu na kumliwaza kwa mazungumzo mpaka wakaingia mjini.

Kijana msomaji, ulizingatie tukio hilo dogo, kwa maana tutalihitaji baadaye. Mtu yule yule ambaye dunia nzima leo yamwita bingwa wa wasafiri, alilia langoni mwa mji wa ugenini kwa kukosa salamu tu.

NCHI ALIZOZIONA

Alifika Misri, akapita Shamu, akahiji mwaka 1326. Kisha badala ya kurudi kwao akaendelea. Akaingia Iraki na Uajemi, akarudi Makka akakaa kwa ibada na elimu, halafu akashuka Yemen mpaka Aden. Hapo alipanda jahazi akaja upande wetu huu. Mnamo mwaka 1331 alipita Zeila na Mogadishu, akafika Mombasa, akalala usiku mmoja, kisha akaenda Kilwa, wakati wa utawala wa Sultani Hasan bin Sulaiman, ambaye kwa ukarimu wake watu walimwita Abul Mawahib, yaani mwenye kutoa vipawa.

Aliyoyaandika kuhusu babu zetu ni machache lakini ni mazuri kuyasoma. Amesema kuwa watu wa Mombasa walikuwa wakila ndizi na samaki, na nafaka zao zililetwa kutoka nchi kavu ya Sawahili. Misikiti yao ilikuwa ya mbao, imejengwa kwa ustadi, na penye milango yake palikuwa na visima. Mtu atakaye kuingia huteka maji, akaosha miguu, akaipangusa kwenye mkeka mgumu uliowekwa hapo, kisha akaingia. Akawasifu kwa dini na wema wao. Hata leo, ukiingia katika misikiti yetu ya zamani ukapita kwenye birika ya kutawadhia, wafanya lile lile alilolitazama mgeni yule kiasi cha miaka mia saba iliyopita.

Kutoka Kilwa alirudi kaskazini kwa bahari akapita Oman, akahiji tena, akazunguka nchi za Waturuki na nyika za kaskazini, akavuka Asia ya Kati, na mwanzo wa mwaka 734 wa Hijria, yaani Septemba 1333, akafika mto wa Indus. Katika mji wa Delhi Sultani Muhammad bin Tughluq alimfanya kadhi, akakaa huko miaka kiasi cha minane. Baadaye Sultani alimtuma kuwa balozi wake Uchina. Vyombo vyake vikavunjwa na tufani huko Calicut na mali zote zikapotea. Alikuwa kadhi katika visiwa vya Maldives, alifika Ceylon, Bengal na Sumatra, na hatimaye akaingia Uchina.

Huko Uchina, katika mji mmoja wa ndani, aliletewa mgeni kumzuru, mwanachuoni wa Kiislamu aliyekuwa tajiri mkubwa. Wakazungumza kidogo, Ibn Battuta akawa anamtazama sana. Yule bwana akamwuliza mbona wanitazama kama unijuaye. Walipoulizana miji yao, ikawa yule ni mtu wa Ceuta, mji ulio jirani na Tangier, na kumbe walikwisha kuonana zamani Delhi. Yule wa Ceuta akalia, na Ibn Battuta naye akalia. Hapakuwa na msiba. Ilikuwa ni kutajwa tu kwa jina la kwao, mwisho wa dunia kama watu wa zama zile walivyoijua. Baada ya miaka mingi, Ibn Battuta alishukia nyumbani kwa ndugu wa bwana huyo katika mji wa Sijilmasa, ukingoni mwa jangwa la Sahara. Akastaajabu jinsi ndugu wawili wa tumbo moja walivyotenganishwa na ardhi.

NJIA YA KURUDI

Mwaka 1347 alikuwa amerejea pwani ya Bara Hindi. Alifikiri kurudi kwa Sultani wa Delhi, akaogopa, kwa kuwa ujumbe aliotumwa ulikuwa umeharibika. Basi akapanda chombo kwenda Arabuni, akateremka Dhofar, akapita Hormuz na Shiraz, akaingia Baghdad mwanzo wa mwaka 1348, kisha akashika njia ya Damascus. Tangu alipotoka Damascus mara ya kwanza ilikuwa imepita miaka ishirini na zaidi.

Katika mji huo zamani alikuwa ameacha mke mjamzito. Alipokuwa Bara Hindi ilimfikia khabari kuwa amezaa mtoto wa kiume, naye akampelekea babu wa mtoto, mzaa mama, dinari 40 za dhahabu. Sasa amefika mwenyewe. Jambo la kwanza lililomshughulisha ni kumwuliza mwanawe. Akaingia msikitini, akabahatika kumkuta imamu wa Wamaliki, akamsalimu. Imamu hakumtambua. Akajitambulisha, kisha akauliza khabari za mtoto. Akajibiwa kuwa amekwisha kufa tangu miaka kumi na miwili.

Imamu akamwambia pia kuwa mjini yuko mwanachuoni mmoja kutoka Tangier, anakaa katika madrasa ya Dhahiriya. Akaenda mbio kumtafuta, amwulize khabari za baba yake na jamaa zake. Mzee yule akamwambia kuwa baba yake alifariki miaka kumi na mitano iliyopita, na mama yake bado yu hai.

Tuhesabu pamoja, ndugu wasomaji. Miaka kumi na mitano nyuma ndiyo ile ile, au karibu na ile, aliyovuka mto wa Indus na kuingia Bara Hindi. Ina maana kwamba wakati wote aliokuwa kadhi wa Delhi, akivaa joho la heshima na kuketi karibu na kiti cha Sultani, alikuwa yatima wa baba naye hajui. Na mtoto, ambaye pengine hakutimia hata miaka kumi, alikufa wakati baba yake akihukumu baina ya watoto wa watu wengine. Dinari zilifika, lakini baba hakufika. Khabari zote mbili akazipata katika ziara moja, kwa vinywa vya watu wasiokuwa wa nyumbani kwake.

Hata hivyo katika khabari hizo kulikuwa na moja ya kushika: mama yu hai. Tangu hapo twaweza kusema kuwa safari yake ilipata mahali pa kwenda.

MWAKA WA TAUNI

Lakini mwaka 1348 ndio mwaka wa tauni kubwa, ile iliyofagia Asia, Misri, Shamu, Maghribi na Ulaya. Ibn Battuta alikuwa Halab zilipofika khabari kuwa ugonjwa umeingia Gaza. Aliporejea Damascus aliona jambo ambalo hakulisahau. Watu wa mji walifunga saumu siku tatu, kisha wakakusanyika katika msikiti mkuu wakakesha kwa sala, dhikri na dua. Asubuhi wakatoka wote kwa miguu, misahafu mikononi mwao, maamiri wakiwa pekupeku. Wayahudi walitoka na Taurati yao, Wakristo na Injili yao, wanawake kwa watoto, wote wakilia na kumwomba Mungu awaondolee balaa. Amesimulia kuwa waliokufa mjini humo kwa siku moja walifikia kiasi cha watu 2,000. Alipopita Gaza aliukuta sehemu yake kubwa ni tupu kwa wingi wa waliozikwa.

Yeye hakuguswa. Alipita katikati ya mauti, mji baada ya mji, akafika Misri, akavuka tena kwenda Makka. Aliingia mwezi wa Shaabani mwaka 749, akafunga Ramadhani huko, akahiji, na mwanzoni mwa mwaka 1349 akaiaga Al-Kaaba.

Aliyewahi kuhiji anaijua siku hiyo. Tawafu ya kuaga ndiyo amali ya mwisho ya hujaji kabla ya kutoka Makka. Mtu huwa ana hamu ya nyumbani, anawawaza watoto, na mzigo wake umekwisha kufungwa. Na papo hapo miguu yake haitaki kuondoka, maana hajui kama atajaaliwa kurudi tena. Furaha na huzuni hukaa katika kifua kimoja wala moja haimfukuzi mwenzake. Nadhani Mwenyezi Mungu ametufundisha katika ibada hiyo namna ya kumaliza kila jambo jema: kulikamilisha, kuliaga kwa adabu, na kuondoka.

TAZA, FEZ NA TANGIER

Alipopita Madina na Baitul Muqaddas akarudi Cairo. Hapo alisikia kuwa Sultani Abu Inan ameshika utawala wa Moroko na kuyatengeneza mambo ya nchi, naye moyo ukazidi kumvuta kwao. Akaenda Tunis, akapanda chombo cha Wakatalani kilichopita kisiwa cha Sardinia, akashuka pwani ya Algeria, akaendelea kwa nchi kavu mpaka akafika mji wa Taza. Taza ni nchi ya Moroko. Kutoka hapo mpaka Fez ni mwendo wa siku chache tu, na kutoka Fez mpaka Tangier si mbali kwa mtu aliyetoka Uchina.

Hapo Taza ndipo alipopewa khabari kuwa mama yake amekufa kwa tauni.

Alikuwa ameziba masikio yake kwa mawimbi ya bahari ya Hindi, amenyang'anywa mali na maharamia, ameponea tufani, ghadhabu ya masultani na ugonjwa ulioua miji. Mama alikuwa ameishi miaka yote hiyo akingoja. Na alipofariki, mtoto alikuwa amekwisha kugeuza uso kuelekea nyumbani. Lau angalitangulia kidogo, wangalionana. Lakini ajali ya mja haikawii wala haitangulii.

Ibn Battuta aliingia Fez siku ya Ijumaa, mwishoni mwa Shaabani mwaka 750, yaani Novemba 1349. Alikuwa na umri wa miaka 45. Aliondoka kijana ambaye ndevu zake ni changa, akarudi mtu mzima baada ya miaka 24. Alipokelewa na Sultani, akaisifu nchi yake kuwa ni bora ya nchi zote alizoziona: matunda yake mengi, maji yake mazuri, chakula chake rahisi. Hata bei ya vyakula aliilinganisha na ile ya Misri ili kuwathibitishia wasikilizaji kuwa hasemi kwa mapenzi tu. Kisha akaenda Tangier. Na alichokwenda kukizuru katika mji aliozaliwa kilikuwa ni kaburi la mama yake.

MGENI KATIKA MJI WAKE

Mtu angetazamia kuwa baada ya hapo angetulia. Haikuwa hivyo. Alikwenda Ceuta akaugua muda wa miezi mitatu. Alipopona akavuka bahari kwenda Andalusi, akauona mji wa Granada. Aliporudi hakukaa, na mwanzo wa mwaka 1352 akaingia jangwani kwa msafara mpaka ufalme wa Mali, akarudi Fez mwaka 1354 kwa amri ya Sultani. Twaweza kumfahamu. Nyumba aliyoitamani huko Uchina haikuwa ni kuta wala mitaa ya Tangier. Ilikuwa ni watu wawili, na wote wawili wamo kaburini. Mji ulikuwepo, wenye mji hawapo.

Kisha yakamfika yanayowafika wasafiri wengi: watu hawakumsadiki. Sultani Abu Inan aliamuru khabari za safari ziandikwe, na mwandishi aliyeteuliwa alikuwa Ibn Juzayy, mtu wa Granada. Ibn Battuta alizisimulia, nyingi kwa kumbukumbu, kwa kuwa baadhi ya aliyoyaandika alinyang'anywa baharini. Masimulizi yakakamilika mwezi wa Desemba mwaka 1355. Lakini mwanachuoni mkubwa Ibn Khaldun, aliyekuwa Fez zama hizo, amesimulia katika Mukadima yake kuwa watu walinong'onezana kwamba msafiri huyu ni mwongo. Yeye mwenyewe Ibn Khaldun alikuwa na shaka, akamwendea waziri Faris bin Wadrar. Waziri akamwonya asikatae jambo kwa sababu tu hajaliona, akampigia mfano. Palikuwa na waziri aliyefungwa gerezani na mwanawe mdogo, mtoto akakulia humo. Siku moja mtoto akauliza hii nyama tunayokula ni ya nini. Baba akamwambia ni ya kondoo, akamsifia kondoo alivyo. Mtoto akasema, baba, basi yu kama panya? Kwa maana katika gereza lile mnyama aliyemjua alikuwa ni panya tu.

Ibn Battuta alimalizia umri wake akiwa kadhi katika mji mmojawapo wa Moroko, akafariki mwaka 770 wa Hijria, yaani 1368 au 1369. Wanaopima njia zake wamekadiria kuwa alikwenda kiasi cha kilomita 117,000. Kitabu chake leo ni katika mashahidi wachache tulio nao wa khabari za Mombasa na Kilwa za wakati ule.

TUJIFUNZE NINI?

Wako watakaosema: basi heri mtu asisafiri. Hilo silo. Safari ya Hija ni faradhi kwa mwenye uwezo, safari ya elimu ni jambo tukufu, na safari ya riziki ya halali ni wajibu wa mwenye watu wa kuwalisha. Lau Ibn Battuta asingetoka Tangier, tusingejua mengi kuhusu babu zetu wenyewe. Wala simhukumu kwa kufiwa, maana mauti yangaliweza kumchukua mama yake hata kama yeye amekaa mlangoni pake. Ninalolitazama ni lile lililo mikononi mwetu, na ni mambo manne.

La kwanza, Mtume (S.A.W.) alifundisha kuwa safari ni sehemu ya adhabu, humzuilia mtu chakula chake, kinywaji chake na usingizi wake, basi akisha kumaliza haja yake na afanye haraka kurudi kwa watu wake. Kijana uliye ugenini, jiulize kwa haki: je, haja uliyoiendea haijamalizika? Kama ulikwenda kutafuta mahari na nyumba, ukayapata, ni kitu gani kinachokuweka mwaka baada ya mwaka? Wengi hawakai kwa haja. Hukaa kwa mazoea, au kwa haya ya kurudi na mkono usiojaa. Na mzazi hangoji mkono uliojaa. Mzee mwenye miaka sabini na mitano hahesabu mwaka kama wewe uhesabuvyo.

La pili, fedha haziwi badala ya mtu. Zile dinari 40 zilikuwa ni mali nyingi, na kuzipeleka kulikuwa ni wema. Lakini Ibn Battuta hakumwona mwanawe hata siku moja. Hivi leo Mwenyezi Mungu ametufanyia wepesi kwa simu. Mtu yu Dubai asikia kikohozi cha mama yake Lamu, tena aweza kumwona uso. Yeye alimaliza miaka kumi na mitano hajui kuwa baba amekufa. Wewe ukikaa wiki mbili hujui hali ya baba yako, hilo si la umbali wa nchi. Na hata simu isikudanganye. Uso wa kwenye kioo hauwezi kushikwa mkono, wala hauwezi kumsaidia mzee kwenda msikitini.

La tatu ni adabu ya kurejea. Sunna imetufundisha kuwa msafiri asiwagongee watu wake mlango usiku kwa ghafla, bali awape khabari wapate kujitengeneza. Imetufundisha pia kuwa afikapo aanzie msikitini, asali rakaa mbili, ndipo aende nyumbani. Naona hekima kubwa katika rakaa hizo. Mtu hushusha mzigo wa njia mbele ya Mola wake kwanza, akashukuru, ili akiingia nyumbani akakuta kiti kitupu asije akasema neno lisilomridhisha Mwenyezi Mungu. Kwani kila arejeaye baada ya miaka mingi atakuta kiti kitupu. Atakuta na mwembe uliokatwa, duka lililobadili mwenyewe, na mtoto aliyemwacha akitambaa sasa anamwita mjomba kwa haya. Asikasirike kuwa mji haukumngojea. Na aende makaburini mapema awaombee waliotangulia, maana dua ya mtoto mwema ni katika mambo yasiyokatika kwa mauti, na mlango huo haufungwi hata kwa aliyechelewa.

La nne lawahusu nyinyi mliobaki nyumbani. Arejeapo mtu, nyumba hujaa siku tatu. Watu wanakuja kwa tende na maji ya zamzam ikiwa ametoka Hija, au kwa mafuta mazuri na vitambaa ikiwa ametoka Arabuni. Zawadi zikisha kugawanywa, miguu hupungua. Ndipo yule mtu huanza kukaa peke yake barazani, hana hadithi za kuchangia kwa kuwa hakuwapo, na zake za huko hapana mwenye hamu ya kuzisikia. Akisema niliona kadha, wenziwe hutazamana na kucheka. Hapo tukumbuke yule mtoto wa gerezani na panya wake. Tumsikilize mtu, tumwulize, tumpe nafasi. Na tukumbuke zaidi lile lango la Tunis. Yule hujaji aliyemsogelea kijana mwenye kulia hakumpa mali wala cheo. Alimpa salamu na mazungumzo, na Ibn Battuta aliihifadhi hisani ile miaka thelathini mpaka akaitia kitabuni. Anayerejea kwao naye huwa mgeni kwa siku kadhaa, na mgeni wa mji wake ni mzito kuliko mgeni wa mbali, maana yeye mwenyewe hakutazamia kuwa mgeni.

Katika chuo changu kila mwaka wako vijana wanaokuja kuniaga. Huwaombea dua ya msafiri, kisha huwauliza swali moja: mzazi wako ameridhika, na umemwambia utarudi lini? Wengine hujibu upesi, wengine huinamisha vichwa. Nawaomba wazazi wanaosoma ukurasa huu nao waulize swali hilo kabla hati ya safari haijagongwa muhuri, na wafungue milango ya mazungumzo tangu mapema, ili kijana asije akaogopa kurudi kwa kuwa tu hakufanikiwa kama jirani.

Safari hizi zote ni mfano wa ile moja ambayo hapana asiyekuwamo. Tunaikaa dunia kwa muda, kisha tunarejea kwa Mwenye kutuumba, na huko ndiko ngamani kwa kweli. Tunamwomba Mwenyezi Mungu awarudishe wasafiri wetu kwa salama, awape umri wazee wanaowangoja, awarehemu waliotangulia kabla hawajaonana na watoto wao, na atukutanishe sisi sote na wapenzi wetu katika nyumba isiyokuwa na kuagana. Amin.